Kobe Aliyeandikwa Amekufa

Sauti ya kwanza ninayoikumbuka ya nyumba ile ya Loresho ni ya gamba likikwaruza changarawe. Kwaru, kimya, kwaru, kimya, kama mtu anayeburuta sufuria nzito na kupumzika kila hatua mbili. Huyo alikuwa Jaji, kobe wa Bwana Githinji, akitoka chini ya ua wa kayaba kwenda kutafuta majani ya sukuma wiki ambayo baba yangu alimwekea kila asubuhi kando ya bomba la maji. Nilimsikia nikiwa bado kitandani, katika kile chumba chetu cha wafanyakazi nyuma ya gereji, huku nikinusa makaa yaliyolowa yakikataa kushika moto na mama akiyalaumu kwa sauti ya chini. Basi mwaka niliokuwa darasa la tano, wiki ya kwanza ya likizo ya Agosti, sauti hiyo ikanyamaza. Kilichonikera wakati ule, na bado kinanikera nikikumbuka, si kwamba ilinyamaza. Ni jinsi watu wazima wenye akili zao walivyokubaliana kwamba aliyenyamaza amekufa, na jinsi ambavyo hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kunisikiliza mpaka nilipowaletea neno la Kilatini.

Watu wa mbali hudhani Nairobi haina baridi. Waje Loresho mwezi wa saba. Wingu linashuka asubuhi na kukaa juu ya miti kama blanketi lililolowa, na jua linaweza kupotea hata siku kumi bila kuaga. Nguo zilizofuliwa Jumatatu zinavaliwa Alhamisi zikiwa bado zina unyevu kwenye mishono. Baba alikuwa akifyeka nyasi akiwa amevaa makoti mawili, moja juu ya lingine, na la juu lilikuwa la mama. Alikuwa ndiye mtunza bustani wa kompaundi ile, mtu mzima mwenye watoto watatu, lakini wageni waliokuja walimwita shamba boi bila hata kufikiri, naye aliitika. Hilo nalo lilinikera, lakini tukianza kuorodhesha yaliyonikera mwaka ule hatutafika kwa kobe.

Jaji hakuwa kobe wa mapambo. Alikuwa wa marehemu mama yake Bwana Githinji, bibi aliyemfuga tangu enzi ambazo Loresho ilikuwa na ng'ombe wengi kuliko magari, na Bwana Githinji alikuwa na barua rasmi ya kumruhusu kumfuga, imewekwa kwenye fremu ukutani karibu na picha za harusi. Uso wa Jaji ulikuwa na mikunjo, na alikuwa akikutazama kama aliyekwisha kusikia utetezi wako na hakuuamini. Mwezi wa sita Bwana Githinji na mkewe walisafiri kwenda kumwona binti yao ng'ambo. Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa tayari kwenye gari, alimwita baba kando. Nilikuwa nimeshika ndoo, nikasikia yote. "Njoroge," alisema, "nyumba ni nyumba, ikiharibika inatengenezwa. Lakini huyu ni wa mama yangu. Nikirudi, nimkute." Baba akajibu, "Utamkuta, Mzee." Mtunza bustani aliyekuwa kabla ya baba alifukuzwa kwa sababu ya mbwa aliyetoka getini asirudi. Hilo kila mtu pale alilijua, na baba alilijua kuliko wote, kwa sababu chumba tulicholala ndicho alichokuwa amelala huyo mtu.

Sasa nije kwa Bwana Mutua. Huyu alikuwa soja wa mchana pale getini, ametumwa na kampuni ya ulinzi, mtu mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa hata kukiwa na matope. Alinipenda, sitamsingizia. Alinichongea kalamu za penseli kwa wembe wake na kunihifadhia magazeti ya zamani nisome hadithi za watoto. Lakini alikuwa na kitabu. Kila geti la Nairobi lenye soja wa kampuni lina kitabu hicho, wenyewe wanakiita OB, kitabu cha matukio. Gari likiingia linaandikwa. Mtu wa maziwa akichelewa anaandikwa. Umeme ukipotea, mti ukianguka, jirani akipiga kelele, yote yanaingia mle, saa na dakika, kwa wino, na sheria moja inapita zote: hakuna kufuta. Ukikata mstari mmoja, msimamizi akija na pikipiki yake anauliza ulikuwa unaficha nini. Mutua alishawahi kumwona mwenzake akivuliwa sare papo hapo getini kwa sababu ya neno moja lililokatwa. Kwa hiyo alikuwa akiandika polepole, herufi zake zimesimama wima kama yeye, na kilichokwisha kuandikwa mle kilikuwa ni kweli, hata kama ng'ombe mwenyewe aliyeandikwa amepotea anakuja akilia kutoka nyuma ya nyumba.

Jumanne ile, Mutua alikuwa anazunguka ua kama kawaida akamkuta Jaji chini ya kayaba, nusu amejichimbia kwenye majani makavu, kichwa kimeingia ndani, miguu imekaza. Akamgonga gamba na rungu. Akamgonga tena. Mara ya tatu akamgeuza kidogo na ncha ya kiatu. Kobe hakushtuka. Mutua akatazama saa yake, akarudi kwenye kibanda chake cha mabati, akaandika. Baadaye niliusoma mstari huo mara nyingi sana hata naukumbuka mpaka leo: *Saa mbili na dakika arobaini. Kobe amepatikana amekufa karibu na ua. Mtunza bustani amejulishwa.* Ndipo akaja kumjulisha mtunza bustani.

"Baba Nduta," alisema, amesimama mbali kidogo kama mtu aliyeleta barua mbaya. "Pole sana. Ile kobe imeenda."

"Imeenda wapi?" baba akauliza, mkasi wa kukatia ua ukiwa mkononi.

"Imeenda. Imekufa."

Baba aliweka mkasi chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akaenda. Nilimfuata. Alipiga magoti kwenye majani yaliyolowa akaweka kiganja juu ya gamba, akakaa hivyo muda mrefu. Mimi nikaingiza kidole pale mbele, penye ngozi ya shingo. Ilikuwa baridi, ndiyo, lakini kila kitu Loresho kilikuwa baridi, hata uji ukipoa dakika mbili. Ngozi ile haikuwa kama ya kuku aliyechinjwa, ambayo naijua vizuri. Ilikuwa na ukaidi. Nilipobonyeza ilirudi, polepole sana, kama mtu anayevuta blanketi bila kutaka kuamka. Nikasema, "Baba, hajafa. Amelala."

"Wacha, Nduta."

"Amelala, Baba. Gusa hapa."

"Kwani wewe ni daktari wa kobe?" Mutua akauliza, si kwa ubaya. "Mimi nimegonga mara tatu. Mtu aliyelala anaamka."

Nikamwambia mimi mwenyewe huwa siamki mama akinigonga mara tatu, na hakuna anayeniandika kwenye kitabu. Akacheka, akanipapasa kichwa, akarudi getini. Na hapo ndipo unapotaka kulia kwa hasira ukiwa mtoto. Wakikukemea, walau unajua wamekusikia. Wakikupapasa kichwa, yaliyosemwa yameisha.

Aliyeachiwa kusimamia nyumba alikuwa mtoto mkubwa wa Bwana Githinji, Bwana Muriuki, aliyekuwa na ofisi Hurlingham na alikuja kila Ijumaa jioni kutazama mambo na kutia sahihi kwenye OB. Baba alimpigia kutoka kibanda cha simu cha dukani, nami nilisimama karibu kiasi cha kusikia ile sauti ndogo ikitoka kwenye kipokea sauti. Bwana Muriuki akasema kobe asizikwe kwanza, atakuja Ijumaa amwone mwenyewe, ndipo ajue atamwambia nini baba yake. Akauliza, "Ilikuwaje, Njoroge? Hukumwona akiugua?" Baba akasema hakumwona. Akauliza tena, kwa njia nyingine. Baba akajibu tena vilevile. Tulipofika getini alisema tu, kana kwamba anajiambia, "Nilimwambia atamkuta." Mchana huo alimweka Jaji kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, akamwingiza kwenye stoo ya majembe, na saa kumi akaanza kuchimba shimo nyuma ya mbolea, ili Ijumaa ikifika kazi iwe rahisi. Nilimwambia shimo lile ni la bure. Akasema, "Sawa," akaendelea kuchimba. Mama jioni ile alipakua chakula akampa baba kipande cha nyama ambacho kwa kawaida kilikuwa chetu watoto, na hakuna aliyelalamika, hata mdogo wangu wa mwisho aliyezoea kulalamikia hewa.

Jumatano mama alinichukua kwenda naye kazini, nadhani ili nisiendelee kuingia stoo kila nusu saa. Alikuwa akiuza githeri na chai Dagoretti Corner, kwenye kibanda nyuma ya maduka, na mlango wa pili kutoka kwake alikaa Mzee Anselmi, mpiga taipu. Wakati ule bado watu walihitaji mtu wa kuwaandikia barua za kuomba kazi, za kulalamikia mwenye nyumba, za kumwomba mkwe asamehe. Mzee Anselmi alivaa tai kila siku, hata Jumamosi. Alikuwa amesomea upadri, akabakiza miaka miwili tu aupate, akatoka kwa sababu ambayo hakuwahi kumwambia mtu, akafundisha bayolojia shuleni miaka kadhaa, kisha akaishia kwenye taipu ile iliyokosa herufi q. Mama alimheshimu sana lakini alikuwa akisema, "Ukimuuliza Mzee saa, atakueleza kwanza nani aligundua saa." Nilijua hilo. Bado niliona ndiye mtu pekee niliyemfahamu ambaye angeweza kujua, basi nikampelekea sahani yake ya githeri ya saa sita, nikasimama pale.

"Mzee, kobe anaweza kulala siku nyingi bila kuamka hata akigongwa?"

Akaweka kijiko chini. Macho yake yaling'aa vibaya sana, nikajua nimejitia matatani. "Kulala," alisema. "Unamaanisha kulala kupi, mwanangu? Maana kuna *dormire*, ambako ndiko kulala kwa kawaida. Wale wa shule za bweni wanasema domitori, sivyo? Hilo neno linatoka huko. Mbegu ikikaa ghalani bila kuota, na mti ukiacha majani ukisubiri mvua, wataalamu wanatumia hilohilo."

"Mzee, ni kobe."

"Ngoja. Halafu kuna *hibernus*. Ya majira ya baridi. Askari wa Roma walikuwa hawapigani baridi ikija. Walikuwa na kambi ya kukaa ndani mpaka joto lirudi, ikiitwa *hiberna*. Mnyama anayelala miezi ya theluji amepewa jina kutoka kwa hao askari, au askari na mnyama wamelipata mahali pamoja, tuseme hivyo ndiyo sahihi zaidi." Akatafuna punje mbili za mahindi. "Na kinyume chake kuna *aestas*, joto, kiangazi. Kamongo, yule samaki wa ziwani, maji yakikauka anajizika kwenye matope akingoja mvua. Huyo halali kwa baridi, analala kwa joto. Umeona jinsi lugha ilivyopangwa?"

Sikuwa nimeona kitu. Nilichoona ni Ijumaa ikija na baba yangu na sepetu. Nikamweleza yote, haraka, bila kupumua: Jaji, rungu, kitabu, Bwana Muriuki, shimo, mtunza bustani aliyefukuzwa kwa sababu ya mbwa. Nilidhani sasa atasema ndiyo au hapana. Yeye akatazama juu ya paa la mabati kwa furaha kubwa.

"Basi *hibernus* haimfai," alisema. "Nairobi hakuna theluji, na kobe wa huku hawalali msimu mzima kama wale wa Ulaya. Huyo wenu anastahili *torpor*. Inatoka kwa *torpere*. *Torpeo, torpes, torpet*. Mimi nimekufa ganzi, wewe umekufa ganzi, yeye amekufa ganzi."

"Nani amekufa, Mzee?" Nilikuwa karibu kulia. "Mimi nauliza kobe peke yake."

Mama akaita kutoka kibandani, "Nduta, usimsumbue Mzee ale."

"Hanisumbui, Mama Nduta," alijibu, na kwa mara ya kwanza alinitazama mimi badala ya paa. Nadhani ndipo alipoona uso wangu. Alisogeza sahani. "Ukikalia mguu muda mrefu, unasema umekufa ganzi. Je, unauzika?"

"Hapana."

"Unangoja. Ndiyo maana ya neno lenyewe. Damu inakwenda polepole, moyo unapiga mara chache, hali chakula, hashtuki. Anaokoa kidogo alichonacho. Sikwambii yu hai, sijamwona. Nakwambia inawezekana. Mweke kwenye nyasi kavu, mbali na moto, msimpe kitu, msimwoshe. Na mnuse kila siku. Aliyekufa ananuka, hata awe kobe wa nani. Anayelala hanuki."

Akaingiza karatasi kwenye taipu, akapiga mistari mitatu, tak tak tak, akaitia sahihi kama barua ya serikali. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hilo la kunusa tangu mwanzo. Alishangaa kweli. "Lakini usingelijua neno," alisema.

Alhamisi asubuhi nilikuwa getini kabla Bwana Mutua hajamaliza kupangusa viatu. Alisoma ile karatasi mara mbili, midomo ikitembea. Niliona neno limemwingia. Lakini akanirudishia, akitikisa kichwa taratibu. "Nduta, hii ni karatasi nzuri. Lakini mimi siwezi kukata. Nikikata, mimi ndiye naenda. Na mimi pia niko na watoto."

"Usikate."

"Sasa nifanye nini?"

Nilikuwa nimelala nikilifikiria hilo. "Andika chini yake. Si ni kitabu cha matukio? Hili pia limetukia."

Akalitazama geti kana kwamba lina jibu. Nikamwambia pia, kwa sababu nilikuwa nimebakiwa na hilo tu, kwamba askari wa Roma walikuwa wakijengewa kambi ya kukaa wakati wa baridi, na kwamba hakuna aliyesema ni wafu. Bwana Mutua aligeuka akakitazama kile kibanda chake cha mabati, chenye upepo unaoingia chini na kutokea juu, na kiti chenye miguu mitatu na tofali. "Walijengewa?" akauliza. "Na serikali?" Nikasema ndivyo alivyosema Mzee Anselmi. Akatikisa kichwa kwa muda. Kisha akafungua kitabu, akanyoosha mgongo, akaandika: *Saa moja na dakika hamsini. Imepatikana taarifa kwamba kobe anaweza kuwa katika hali ya torpor. Neno ni la Kilatini. Uchunguzi unaendelea.* Akaulizia herufi ya mwisho kama ni r kweli. Siku mbili nilikuwa nimesema jambo hilohilo kwa Kiswahili sanifu, na neno langu halikufika hata kwenye ukingo wa ukurasa.

Nilikimbia kumwambia baba. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Nilipofika kwenye kunusa aliniangalia vizuri, akaliweka jembe, akaenda stoo, akapiga magoti mbele ya katoni ile ya mafuta, akaingiza uso wake wote ndani. Alikaa huko mpaka nikaingiwa na hofu. Alipotoka alikuwa na kipande cha jani kavu puani. "Ananukia udongo," alisema. "Udongo tu." Siku hiyo hakuchimba tena, lakini pia hakulifukia shimo. Baba hakuwa mtu wa kuharakisha furaha.

Bwana Muriuki alikuja Ijumaa, akakaa ndani ya gari na kusoma OB chini ya taa ndogo ya dari. Tulisimama wote watatu nje, kwenye manyunyu, Mutua amekaza kama anayekaguliwa. Alisoma, akarudia, akainua kichwa. "Torpor," alisema. "Nani ameandika hii?" Mutua akasema ni yeye. "Nani amekuambia?" Mutua akamtazama baba. Baba akanitazama mimi. Mimi nikatoa karatasi ya Mzee Anselmi, ambayo ilikuwa imelowa pembeni. Bwana Muriuki akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka na wiki. Akaenda stoo, akachungulia katoni, hakunusa. "Njoroge," alisema, "mzee anarudi wiki ya pili ya Septemba. Kobe akianza kunuka kabla ya hapo, mnizikie, na tutaongea mimi na wewe. Asiponuka, sawa." Akatia sahihi, akaondoka. Mama alisema tumepewa muda. Baba alisema tumepewa muda wa kungojea kufukuzwa. Wote wawili walikuwa sahihi, na wiki zilizofuata sijui kama kuna aliyelala vizuri mle ndani kuliko kobe.

Kila asubuhi, kabla ya chai, baba alienda stoo kunusa. Nilimsikia akifungua kile kikufuli, kimya, halafu akikifunga. Akipita getini Bwana Mutua alimwinulia kidevu, baba akatikisa kichwa, na Mutua akaandika. *Kobe hajanuka.* Siku iliyofuata: *Kobe hajanuka.* Kati ya magari yaliyoingia na mtu wa maziwa aliyechelewa, ukurasa baada ya ukurasa, kobe hajanuka. Msimamizi wa pikipiki alipokuja akauliza hii ni nini, Mutua akamwambia, "Hali ya torpor, mkuu," na yule akatia sahihi bila kuuliza zaidi, maana hakutaka kuonekana hajui. Siku moja ilinuka kweli, baba akatoka stoo uso umemwisha rangi, ikawa ni panya aliyekufa nyuma ya gunia la mbolea. Tulimzika panya huyo vizuri sana, kwenye lile shimo, kwa shukrani.

Shule zikafunguliwa, Jaji bado amekaza. Halafu katikati ya wiki ya kwanza jua likatoka, jua lile la Septemba linalokuja kwa ghafla kama mgeni aliyesahau kwamba alichelewa. Niliona mwanga kwenye dawati nikajua. Nikamwomba mwalimu ruhusa niende nyumbani, nikamwambia sababu, akaniambia nikae. Nilikaa. Nilifanya hesabu za sehemu kumi na mbili na nikakosa tisa. Nilipofika Loresho saa kumi, nimekimbia mpaka pua inawasha, Bwana Mutua alinifungulia geti dogo, akanigeuzia kitabu, akaweka kidole. *Saa nne na robo. Kobe amehamishwa nje kwenye jua na mtunza bustani. Saa tano na dakika tano. Kobe ametoa mguu. Saa sita kasoro dakika kumi. Kobe ameamka. Amekula sukuma wiki.* Chini yake, nje kabisa ya sheria za kampuni, alikuwa amechora mstari mdogo wa mawimbi, kama anayepamba kadi. Nilirudi nyuma kurasa nyingi mpaka ile Jumanne. Mstari ulikuwa pale, haujaguswa. Kobe amepatikana amekufa. Nikamuuliza kama haoni vibaya kuuacha. Akasema, "Niliandika kile nilijua saa hiyo. Saa ingine nikajua ingine." Kutoka nyuma ya nyumba nilisikia kwaru, kimya, kwaru, na sauti ya baba ikizungumza na kobe, maneno ambayo hakuwa na mazoea ya kutuambia sisi. Sikwenda kwanza. Nilimwachia amalize.

Bwana Githinji alirudi, akamkuta. Baba aliendelea na kazi pale miaka mingine saba, mpaka kompaundi ile ikauzwa na magorofa yakapanda hadi juu ya miti, na Jaji akachukuliwa na familia kwenda kwao mashambani, ambako naamini bado anawatazama watu bila kuwaamini. Mimi nilifika kidato cha pili, hali ikagoma, nikaanza kazi. Sasa nina kitalu changu cha miche kando ya Barabara ya Ngong. Ninaipenda kazi hii kuliko inavyonilipa, na bado nina ndoto zangu, msinicheke. Lakini wateja wananimaliza. Wananunua mti wa maua mwezi wa sita, unapukutisha majani mwezi wa saba kama ulivyoumbwa, wanaurudisha kwa hasira: umeniuzia kitu kimekufa. Ninakwaruza gome kwa ukucha, ninawaonyesha kijani kibichi chini yake, hawatazami. Wanatoa simu, wanauliza simu, simu inawaambia maneno yaleyale kwa Kiingereza, ndipo wanasema, "Oh, kumbe." Zamani walimtaka mzee mwenye tai, siku hizi wanataka kioo cha simu. Ukucha wangu wenye udongo bado haujafika.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikilalamika wiki iliyopita, moyoni, nikipanga mitungi ya miche, nimeshatupa mlimau mmoja kwenye rundo la mbolea. Ninaweka daftari pale kitaluni, tabia niliyoipata mnajua wapi, na jana yake nilikuwa nimeandika: *Mlimau wa pembeni umekufa.* Binti yangu Wambui, ambaye ana miaka sita na huja nami shule zikifungwa, alikuwa amechuchumaa kwenye rundo. Akasema, "Mama, huu haujafa. Umelala."

"Wacha, Wambui, nina kazi."

"Gusa hapa."

"Nani amekuambia?" nikamuuliza.

Nilikuwa nimeshika mtungi, na nilibaki nimeushika. Wambui alikuwa anaushikilia ule mlimau kwa mikono yote miwili akinisubiri, ana uso ambao ninaujua kwa ndani. Nikaweka mtungi chini. Nikapiga magoti kwenye mbolea, nikakwaruza gome pale alipoweka kidole. Sitaki kusema niliona kijani. Ilikuwa kitu kidogo sana, rangi kama ya maji ya kunde, huenda ikawa uhai na huenda ikawa mwisho wake. Tuliupanda tena kwenye mtungi mkavu, mbali na wateja. Kisha nikafungua daftari, na bila kukata mstari wa juu nikaandika: *Saa tano na dakika kumi. Wambui anasema mlimau umelala.* Akataka kujua kama nimeandika jina lake sawasawa. Nikamwonyesha.